Klopidogreli na omeprazoli kwa mgonjwa mwenye stenti: aache ipi?

"Baba yangu ana miaka 64. Miezi minne iliyopita alipata shambulio la moyo, akapelekwa Dar es Salaam, akawekewa stenti mbili, vile vibomba vya kuzuia mshipa wa moyo usizibe. Tangu hapo anatumia klopidogreli 75 mg, aspirini 75 mg, atovastatini 40 mg ya kushusha kolesteroli na dawa ya presha. Ana vidonda vya tumbo vya siku nyingi, na miaka sita nyuma alilazwa kwa kupata choo cheusi, kwa hiyo aliandikiwa pia omeprazoli 20 mg, moja asubuhi moja jioni. Mwezi uliopita kijana wa duka la dawa alituambia omeprazoli inaua nguvu ya klopidogreli na stenti itaziba. Mimi nikasoma kwenye intaneti kwamba dawa hizo zipishane saa 12. Baba naye kaamua lake: leo anameza klopidogreli, kesho omeprazoli, anasema hivyo hazitakutana. Sasa tumbo linamsumbua usiku na anatafuna vidonge vya magnesiamu. Aache ipi? Na hivyo vya magnesiamu vina shida?"

Ndugu yangu, kabla ya maelezo yoyote tuanze na huo utaratibu wa baba wa leo hii kesho ile. Usiendelee hata siku moja zaidi. Ukimaliza kusoma hapa, kama leo hajameza klopidogreli, hiyo dawa inayozuia damu kuganda kwenye stenti, mpe kidonge kimoja cha 75 mg. Kesho kingine, kesho kutwa kingine, saa ileile. Asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia vilivyopita. Aspirini hukusema kama anairuka pia, isirukwe. Kisha pigia simu kliniki ya moyo anakohudhuria, uwaambie wazi kwamba kwa wiki kadhaa amekuwa akimeza klopidogreli siku moja moja. Wao ndio waamue kama wamwone mapema au wampe dozi kubwa ya kuanzia upya. Omeprazoli nayo asiitupe wiki hii kwa hofu. Tutaibadilisha, lakini kwa mpango, na mzee asibaki hata siku moja bila kinga ya tumbo.

Kijana wa dukani hakuwadanganya. Alichosikia kipo na kimeandikwa katika maelezo rasmi ya klopidogreli. Alikosea pale alipowapa ushauri wa kuacha bila kuuliza mzee aliwahi kuvuja damu tumboni au la. Kwa mtu aliyewahi kupata choo cheusi, anayetumia aspirini na klopidogreli kwa pamoja, kuondoa dawa ya kupunguza asidi bila kuweka nyingine ni hatari kuliko mgongano wenyewe wa dawa.

Mgongano huo unatokea ini linapofanya kazi yake. Klopidogreli inaingia mwilini ikiwa mahindi, si unga. Kidonge chenyewe hakizuii damu kuganda mpaka kisagwe na vimeng'enya vya ini, na hata hapo sehemu kubwa, kama asilimia 85, huvunjwa njia nyingine na kupotea bure. Ile asilimia 15 inayobaki ndiyo inayosagwa, kwa hatua mbili, na katika hatua zote mbili kinu kimoja muhimu ni kimeng'enya kiitwacho CYP2C19. Unga unaotoka hapo huenda kushika mlango mmoja juu ya chembe sahani, zile chembe za damu zinazogandana kuziba jeraha, na ukishaushika hauuachii. Chembe sahani hiyo haitagandana vizuri mpaka mwisho wa maisha yake, yaani siku 7 hadi 10.

Sasa omeprazoli nayo huvunjwa na kinu hichohicho. Na haipiti tu. Sehemu yake hukwamisha jiwe la kusagia. Ndiyo maana ule ushauri wa kupishanisha saa 12 hausaidii. Ni kweli omeprazoli yenyewe hutoweka kwenye damu ndani ya saa chache, na mtu akifikiria hivyo ataona kupishanisha kuna mantiki. Lakini vimeng'enya ilivyovikwamisha havifunguki ikiondoka. Ini lazima litengeneze vingine vipya, na hilo huchukua zaidi ya siku. Jambo hili limepimwa kwa watu: omeprazoli 80 mg kwa siku ilipunguza ile sehemu ya klopidogreli inayofanya kazi kwa karibu asilimia 40 katika dozi ya kila siku, na kiwango kilikuwa kilekile dawa zikimezwa pamoja au zikipishana saa 12. Pantoprazoli, dawa nyingine ya jamii ya omeprazoli, kwa 80 mg vilevile, ilipunguza kwa asilimia 14 tu. Kumbuka tarakimu hizo mbili, tutazirudia. Na kumbuka pia kwamba 80 mg ni mara mbili ya dozi ya baba yako.

Utaratibu wa mzee wa kuruka siku unaharibu pande zote mbili. Mwili hutengeneza chembe sahani mpya kila siku, karibu moja ya kumi ya zote zilizopo. Ile sehemu ya klopidogreli inayofanya kazi hukaa kwenye damu kwa saa chache tu, kwa hiyo chembe zinazozaliwa siku aliyoruka zinabaki huru kugandana. Siku ya kumeza, kinu bado kimekwama kwa omeprazoli ya jana. Na asidi ya tumbo haipungui ipasavyo, kwa sababu dawa za jamii ya omeprazoli zinahitaji kumezwa siku tatu hadi tano mfululizo ndipo zifikie nguvu yake kamili. Hayo maumivu ya usiku yanaweza kuwa matokeo ya utaratibu huo.

Je, mgongano huo umeonekana kuziba stenti za watu, au unaishia kwenye vipimo vya maabara? Kati ya 2008 na 2009 zilitoka tafiti za kufuatilia rekodi za wagonjwa zilizoonyesha kwamba waliotumia klopidogreli pamoja na dawa za asidi walirudi hospitali na matatizo ya moyo mara nyingi zaidi. Novemba 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa onyo dhidi ya omeprazoli, na Ulaya ikafuata kwa kutaja omeprazoli na esomeprazoli. Tatizo la tafiti za rekodi ni kwamba anayeandikiwa dawa ya tumbo mara nyingi ndiye mzee zaidi, mwenye kisukari, mwenye figo dhaifu. Ugonjwa wake wa moyo ungekuwa mbaya hata bila omeprazoli. Na kuna ushahidi wa hilo ninaouona kuwa mzito: hata wagonjwa waliokuwa wakitumia tikagrelori, dawa isiyohitaji kusagwa na CYP2C19, walionekana kupata matatizo zaidi ya moyo walipokuwa pia kwenye dawa za asidi. Kinu hakihusiki kabisa hapo, lakini picha ni ileile.

Utafiti mmoja mkubwa uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Unaitwa COGENT, ulichapishwa 2010, na uliwahusisha wagonjwa 3,761 waliokuwa wakitumia aspirini na klopidogreli. Nusu walipewa omeprazoli 20 mg, nusu kidonge kisicho na dawa. Kwa siku 180, waliopata tatizo kubwa la tumbo walikuwa asilimia 1.1 upande wa omeprazoli na asilimia 2.9 upande wa pili. Matatizo ya moyo hayakutofautiana: asilimia 4.9 kwa 5.7. Kwa haki niseme pia udhaifu wake. Ulisimamishwa mapema kwa sababu mfadhili aliishiwa fedha, ulitumia kidonge maalumu kilichounganisha dawa hizo mbili, na idadi ya matukio ilikuwa ndogo mno kufuta kabisa shaka ya madhara madogo. Ninavyousoma mimi, unatosha kuondoa hofu ya kwamba stenti itaziba kwa sababu ya omeprazoli, lakini hautoshi kunifanya nimchagulie mgonjwa omeprazoli wakati pantoprazoli ipo rafu ya pili.

Kwa nini basi tumbo lake lihitaji kinga kiasi hicho? Utando wa ndani wa tumbo hujilinda na asidi kwa ute, na ute huo hutengenezwa kwa amri ya kemikali ziitwazo prostaglandini. Aspirini huzizima hizo, hata kwa 75 mg. Inazizima kupitia damu, ndiyo maana ile aspirini yenye ganda gumu linalopita tumboni bila kuyeyuka haimlindi mtu na kuvuja damu kama wengi wanavyoamini. Klopidogreli haichimbi kidonda, ila kidonda kikiwepo inazuia kisizibe. Zikutane zote mbili kwa mtu wa miaka 64 mwenye historia ya kuvuja damu, na dawa ya kupunguza asidi inakuwa sehemu ya tiba ya moyo wake. Nasema ya moyo kwa makusudi. Mtu mwenye stenti akitapika damu, daktari wa zamu hulazimika kufikiria kusimamisha zile dawa mbili, na hapo ndipo stenti inapokuwa hatarini hasa. Baada ya shambulio la moyo dawa hizo mbili kwa kawaida huendelea kwa miezi 12. Baba yako yupo mwezi wa nne.

Kwa hiyo ombi lenu kwa daktari ni dogo: ambadilishie omeprazoli kuwa pantoprazoli 40 mg, moja kwa siku. Hapo ndipo ile asilimia 14 dhidi ya 40 inapokuwa na maana. Siku ya kubadilisha, asubuhi anameza pantoprazoli mahali pa omeprazoli, hakuna kupumzika katikati. Ameze nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya asubuhi, kwa maji, bila kutafuna wala kuvunja, kwa sababu ganda la kidonge ndilo linaloifikisha dawa salama kupita asidi. Akimeza baada ya chapati na chai amepoteza sehemu ya nguvu yake: dawa hizi huzima pampu za asidi zikiwa zinafanya kazi, na chakula ndicho kinachoziamsha. Klopidogreli na aspirini anaweza kumeza baada ya chai ileile. Hakuna haja ya saa wala kengele.

Dozi ya mara mbili kwa siku aliyokuwa nayo, muulize daktari sababu yake. Kuna wakati ina maana, kwa mfano wiki za kwanza baada ya kidonda kuvuja. Kwa kinga ya kawaida, moja kwa siku hutosha.

Pantoprazoli isipopatikana, lansoprazoli na rabeprazoli nazo hukwamisha kinu kidogo kuliko omeprazoli. Angalieni mtego mmoja: mara nyingi dukani mtu akikosa omeprazoli huuziwa esomeprazoli, akiambiwa ni kali zaidi na ya kisasa. Esomeprazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Nexium, ni ndugu wa toka nitoke wa omeprazoli na ina mgongano uleule. Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi, siyo lile la biashara la herufi kubwa. Famotidini, dawa ya kupunguza asidi ya jamii nyingine, haina mgongano huu, ila kwa aliyewahi kuvuja damu kinga yake ni dhaifu, na mwili huizoea baada ya wiki chache. Simetidini, ndugu wa famotidini, iacheni, hiyo hukwamisha kinu. Na kama mahali mlipo kuna omeprazoli peke yake, basi kwa mtu mwenye historia hii afadhali omeprazoli 20 mg kwa siku, daktari akijua, kuliko tumbo kuachwa wazi.

Njia ya pili ni kubadilisha upande wa moyo: kuondoa klopidogreli na kuweka tikagrelori 90 mg mara mbili kwa siku. Inazuia chembe sahani kwa nguvu zaidi na haigombani na omeprazoli. Lakini kwa nguvu hiyohiyo inavujisha damu zaidi, baadhi ya watu huwaletea kuhema kwa shida, na ni ghali. Kwa mzee aliyewahi kupata choo cheusi, kubadilisha dawa ya moyo ili kuokoa omeprazoli naona ni kuanza upande usiofaa. Njia ya tatu ni daktari wa moyo kuondoa mapema moja kati ya aspirini na klopidogreli. Siku hizi hilo hufanyika kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa ya kuvuja damu, na ni swali halali kuuliza kliniki. Jibu linategemea stenti ziliwekwa mshipa gani na zilikaaje, kwa hiyo msilijibu nyumbani.

Kuna jambo ambalo hukulitaja na ningependa lifuatiliwe: mzee aliwahi kupimwa bakteria wa H. pylori? Ni wengi sana kwetu, ndio chanzo kikubwa cha vidonda, na akiwa nao, kuwaondoa kunapunguza hatari ya kuvuja damu. Kipimo kizuri ni cha choo au cha pumzi. Kile cha haraka cha tone la damu kinaonyesha tu kwamba aliwahi kuwa nao. Kinaweza kubaki chanya miaka mingi baada ya kupona. Hapa pana ugumu. Dawa za asidi huwaficha bakteria hao, kwa hiyo kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kupima, na baba yako hafai kukaa wiki mbili bila kinga. Daktari anaweza kumweka kwenye famotidini kwa muda huo, au akapima hivyohivyo akijua kwamba jibu la "wapo" linaaminika na la "hawapo" haliaminiki. Wakikutwa, msiende kununua ile pakiti ya dawa tatu dukani wenyewe. Nyingi zina klarithromisini, ambayo hupandisha sana kiwango cha atovastatini mwilini na kuleta maumivu makali ya misuli au zaidi ya hapo, na haifai kabisa na tikagrelori. Daktari hupunguza au kusimamisha atovastatini kwa siku hizo, au huchagua antibiotiki nyingine.

Tukiwa kwenye michanganyiko, ninayoiogopa kuliko omeprazoli ni diklofenaki na ibuprofeni. Mzee wa miaka 64 ana goti au mgongo, na diklofenaki ipo kila duka. Juu ya aspirini na klopidogreli, inachimba tumbo na kuumiza moyo kwa wakati mmoja. Ibuprofeni juu ya hayo huizuia aspirini isifike mahali pake pa kazi. Maumivu yakija, atumie parasetamoli. Vidonge vya kichwa vya dukani visomwe kwanza, maana vingine vina aspirini ndani. Flukonazoli ya fangasi hukwamisha kinu kama omeprazoli. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huongeza kasi ya kinu mpaka hatari ya kuvuja damu inapanda. Kwa hiyo kila anayemwandikia dawa aambiwe kuhusu stenti. Na kama mzee ni mpenzi wa juisi ya balungi, aiache mpaka klopidogreli iishe; chungwa halina neno.

Pantoprazoli itaendelea kwa muda wote atakaokuwa kwenye dawa mbili za kuzuia damu kuganda. Utasikia kwamba dawa hizi zinaharibu figo na mifupa. Kwa matumizi ya miaka mingi yapo madhara, mengine hayana uhakika, na kwa mtu wa aina ya baba yako faida ya mwaka huu ni kubwa kuliko hayo. Kama anatumia pia dawa ya kukojoza maji, kama furosemidi, apimwe magnesiamu ya damu mara moja moja, kwa sababu zote mbili huishusha na moyo haupendi magnesiamu ikiwa chini.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki, akipata choo cheusi kinachonata kama lami chenye harufu kali, akitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au akiwa na kizunguzungu akisimama, jasho la baridi na mapigo ya haraka. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, ila si cha kunata. Hata katika hali hizo asiache klopidogreli kwa uamuzi wake. Aende nazo hospitali waamue wao. Vivyo hivyo akitaka kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji na akaambiwa aache dawa za damu: kwanza kliniki ya moyo ipigiwe simu.

Na magnesiamu. Vidonge hivyo havigombani na klopidogreli, anaweza kutafuna kimoja au viwili tumbo likiwaka, mradi avipishe na dawa zake nyingine kwa saa mbili. Figo zake zikiwa dhaifu, aulize kwanza. Unga wa kuchemka kwenye maji auache, una chumvi nyingi ya sodiamu na mzee ana presha. Ila nahitaji umuulize kitu: hilo linalomsumbua usiku, linakaa wapi hasa? Kiungulia cha asidi huwaka kutoka chembe cha moyo kwenda juu kooni, huzidi akilala baada ya kula, na hutulia kwa dakika chache akitafuna hivyo vidonge. Ikiwa ni kubanwa au uzito kifuani, linashuka mkono au kupanda taya, linakuja akitembea au akipanda ngazi, linafuatana na jasho au kuhema, au linafanana na lile la siku ya shambulio, asitafune chochote cha magnesiamu kungoja lipite. Kwa mtu aliyeruka klopidogreli kwa wiki kadhaa, hilo ni la kwenda hospitali usiku huohuo, kufanyiwa kipimo cha umeme wa moyo.